Usingoje Mwaka wa Diplome

Ndugu msomaji, leo nataka kukusimulia juu ya watoto wangu wawili. Mkubwa ni kijana. Anachimba zahabu upande wa Salamabila, katika teritware ya Kabambare. Mdogo wake ni msichana. Yuko darasa la pili la humanite, Kasongo. Wote wawili wana akili. Wote wawili walikula ugali wa muhogo na sombe kwenye sahani moja. Kama unauliza nini iliwatenganisha, jibu si zuri kwangu: kwa mkubwa, mimi baba yao nilichelewa.

Mimi ni mwalimu wa masomo ya msingi. Utasema: "Mwalimu hawezi kukosa kujua mambo ya masomo." Ni kweli, nilijua kufundisha watoto wa wengine kusoma na kuhesabu. Lakini njia inayotoka darasani mpaka universite sikuijua, maana mimi mwenyewe sikuipita. Nilipata diplome yangu ya Leta katika miaka ya 1990, wakati wa Zaire, wazazi walipokuwa wakiwalipa walimu kutoka mfukoni mwao. Kisha vita vya 1996 vikaja, na vya 1998 vikafuata. Hakuna mtu aliyeniuliza kama nilitaka kuendelea. Nikashika chaki, basi.

SIKU YA PODA

Mwaka wa 2017 mtoto wangu mkubwa alifanya Egzamen ya Leta. Unajua namna inavyokuwa siku ya matokeo. Simu inalia, mtu anapiga kelele, watoto wanakimbia njiani. Alipata asilimia 52. Tulimwagia poda kichwani mpaka akawa mweupe. Mama yake alichinja kuku wawili, na majirani waliimba mpaka usiku.

Asubuhi, poda ikiwa ingali masikioni mwake, alikuja kukaa karibu nami.

— Baba, sasa nakwenda universite gani?

Msomaji, swali lile lilinipata bila jibu. Miaka 6 mtoto alisoma sekondari, na mimi sikujiuliza hata siku moja nini itafuata. Nilifikiri diplome ni mwisho wa safari, kumbe ni mlango tu.

Kwanza, feza. Sikuwa nimeweka hata franka moja pembeni.

Pili, opsioni. Mtoto huyu, tangu alipokuwa mdogo, alipoona lori limekwama kwenye daraja la miti, alikuwa akisema: "Siku moja nitajenga daraja la kweli." Lakini alisoma pedagojia, kwa sababu masomo ya karibu na nyumba yalikuwa na opsioni ile. Pedagojia ni opsioni njema, ndiyo inayonilisha. Lakini yeye alitaka madaraja, na hesabu aliyofundishwa haikutosha kwa kazi ile.

Tatu, karatasi. Kwenye sertifika yake ya msingi jina liliandikwa namna moja, kwenye buletini namna nyingine. Mwaka wa kuzaliwa haukuwa sawa. Kosa lile ni langu: nilimwandikisha kwa haraka na sikusoma tena nilichoandika. Tena buletini zake mbili zilibaki ofisini kwenye masomo, kwani sikuwa nimemaliza kulipa. Nilitembea mwezi wa tisa, mwezi wa kumi, mwezi wa kumi na moja. Dozie ilipokuwa tayari, kuandikisha kulikuwa kumefungwa.

Hapo kijana aliniambia:

— Baba, acha niende Salamabila. Miezi tatu tu. Nitafute feza ya kuandikisha, kisha narudi.

Miezi mitatu ile haijaisha mpaka leo.

Sisemi haya kwa kuwazarau wachimbaji. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tunakula kwa jasho la chimbo. Kampuni ya Banro iliposimamisha kazi yake Namoya mwaka wa 2019, watu hawakuacha kuishi. Walirudi kwenye mashimo ya mikono. Mtoto wangu ni mtu wa kazi na hatusahau nyumbani. Lakini ni yeye mwenyewe aliyenionyesha hesabu ya chimbo. Mwenye shimo anachukua sehemu yake. Ekipi inagawana. Deni la chakula linakatwa. Mnunuzi naye anapima kwa mizani yake. Inayobaki inatosha kula, haitoshi kuondoka. Mwaka mmoja shimo liliwaangukia wenzake. Yeye alikuwa ametoka nje kunywa maji. Alinisimulia jambo lile kwa sauti ya chini, kisha akaomba chumvi. Sikuweza kula tena siku ile.

WAGENI WA NOELI

Sasa nije kwa msichana. Anakaa Kasongo kwa shangazi yake, na vakansi anarudi kwetu. Mwaka ule wa kwanza alipokuwa darasa la pili la humanite (ndilo zamani tuliloita la nne ya sekondari), Noeli, wazee watatu walifika nyumbani. Walitumwa na mfanyabiashara mmoja wa zahabu. Walikuja kwa heshima, na bahasha. Walisema kijana wao amemuona binti, anamtaka kwa ndoa, na hata masomo atamlipia kama akitaka.

Binti yangu alikuwa na miaka 16. Najua sheria: Kodi ya Familia, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inasema mtu hafungi ndoa mbele ya miaka 18, msichana sawa na mvulana. Lakini nikuambie ukweli, msomaji, maana uongo hautamsaidia mtu: niliitazama bahasha ile. Nilikuwa na deni dukani. Paa la nyumba lilivuja. Nikawajibu wazee: "Mtupe siku tatu, tufikiri." Sikuwaambia hapana.

Siku ya pili mkubwa alifika kutoka Salamabila, juu ya pikipiki, na vumbi mwili mzima. Mama yake alikuwa amekwisha kumpigia simu. Hakuketi. Alitoa karatasi ndogo iliyokunjwa, akaiweka juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na zahabu kidogo.

— Baba, hii ni ya masomo ya dada. Miye haukuniuliza nataka nini. Yeye umuulize.

Hakuna padri wala pasta aliyewahi kunihubiria kwa maneno machache kama yale. Wazee waliporudi, niliwarudishia bahasha yao kwa heshima. Kisha nilimwita binti, nikamuuliza neno ambalo katika maisha yangu yote sikuwa nimemuuliza mtoto: "Mama, wewe unataka nini?"

Nilingoja jibu kubwa. Alitazama chini, akasema: "Sijui, baba."

Wazazi wengi wakisikia "sijui" wanakasirika, ao wanachagua wao wenyewe. Mimi pia nilitaka kufanya hivyo. Lakini mama yake alimwacha, akangoja mpaka jioni wakiwa wanatwanga, akamuuliza tena polepole. Ndipo akasema kwamba usiku ule mama mdogo alipojifungua kwenye santé, yeye alishika taa, na hakuogopa damu. Alitaka kujua kwa nini muuguzi alifanya vile na si vingine. Tangu siku ile anapenda somo la biologia kuliko yote. Basi jibu lilikuwamo. Lilihitaji mtu wa kungoja tu.

MWAKA MMOJA NYUMA

Mwezi wa kwanza tulikwenda pamoja kwa prefe. Binti alikuwa katika pedagojia, kama kaka yake, kwa sababu ileile: hakuna aliyefikiri. Prefe alitueleza waziwazi:

— Mwalimu, kazi za uganga, mtoto atakutana na kemia, biologia na hesabu kila siku. Akitaka njia ile, ahamie biologia-kemia. Lakini atarudia darasa la pili, ili asijengwe juu ya mchanga. Kubadili sasa ni kupoteza mwaka mmoja. Ukingoja darasa la nne, utapoteza yote.

Kurudia darasa! Niliwaza majirani: "Mtoto wa mwalimu ameanguka." Haya ilinishika. Nilimgeukia binti nikitumaini atakataa. Akasema: "Baba, mwaka mmoja si mwingi." Ndiyo sababu leo yuko darasa la pili mara ya pili. Hakuanguka. Alichagua.

Na msomaji, darasa la pili ndio wakati wake. Ukiingia universite ao enstiti ya juu, kwa kawaida wanaomba buletini za miaka miwili ya mwisho, ndiyo darasa la tatu na la nne. Mtoto aliye darasa la pili angali na mwaka mzima wa kujinyoosha mbele ya namba zile kuanza kuandikwa. Samaki umkunje angali mbichi.

MAMBO TULIYOFANYA NYUMBANI

Usifikiri tulifanya maajabu. Ni mambo madogo, na kila jamaa inaweza kuyapima.

1. Maji. Nilikwenda kukaa juma moja kwa dada yangu Kasongo, nikatazama siku ya binti yangu. Saa kumi na moja asubuhi anaamka, anakwenda kisimani mara tatu. Anafagia. Anakwenda masomo bila kula. Akirudi anatwanga muhogo, anapika, anaosha vyombo, anaosha watoto. Anapofungua kaye, ni saa tatu ya usiku, na macho yanafunga. Wavulana wawili wa nyumba ile, wa umri wake, walikuwa wamekwisha kucheza mpira na kulala. Nilimwambia dada yangu kwa upole, kwani ni nyumba yake: "Dada, mtoto huyu hashindwi kemia. Anashindwa na madumu." Dada yangu alinyamaza, kisha akacheka, akawaita wavulana. Tangu siku ile wao wanachota maji ya asubuhi, na binti anapata saa moja na nusu ya mwanga wa jioni kwa ajili ya kaye zake. Walinung'unika juma mbili, kisha wakazoea. Kama ungeniuliza jambo gani moja lilimsaidia kuliko mengine, nitakujibu: maji.

2. Kifaransa. Egzamen ya Leta, tangu ilipoanza mwaka wa 1967, inaandikwa kwa Kifaransa. Mbele ya zile siku nne za kuchagua majibu, kuna disertasio ambayo mtoto anaandika mwenyewe. Watoto wetu wanazungumza Kibangubangu, Kizimba, Kikusu na Kiswahili, na hilo ni jambo jema. Lakini luga ya mtihani haiji katika mwezi mmoja wa mwisho. Basi binti anasikiliza habari za Kifaransa kwenye redio, kisha anamweleza bibi yake kwa Kiswahili. Bibi hakusoma, lakini anauliza maswali magumu. Ukiweza kumfahamisha bibi, umefahamu. Na kila Siku ya Mungu, nyuma ya misa, anaandika ukurasa mmoja wa Kifaransa. Akija vakansi, naupitia kwa biki nyekundu.

3. Karatasi. Tulinunua bahasha moja ya plastiki. Ndani tuliweka sertifika ya msingi, ushuhuda wa kuzaliwa, na kila buletini. Tulikaa mezani, tukasoma jina lake, postnome na tarehe ya kuzaliwa herufi kwa herufi kwenye kila karatasi. Tulikuta kosa moja. Kosa moja katika darasa la pili linarekebishwa bila machozi. Nilimaliza pia deni langu kwenye masomo, ili buletini zisikae ofisini.

4. Feza. Yesu mwenyewe alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anaketi kwanza na kuhesabu. Tuliketi. Tangu mageuzi ya LMD yalipoenea katika universite zetu, kuanzia mwaka wa 2021-2022, lisansi ni miaka 3, na mastere ni miaka 2 juu yake. Zamani ilikuwa gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Basi mzazi ahesabu angalau miaka 3, si mwaka mmoja. Na asihesabu minervali tu. Ahesabu chumba, chakula, safari, kaye, na kanzu nyeupe kama ni kazi ya uganga. Sisi tunaweka gunia mbili za mpunga kwa kila mavuno. Mama anaziuza wakati bei inapanda, na feza zinawekwa kwenye kopa ya wamama, si kwenye mfuko wangu. Zahabu ya mkubwa iliuzwa, na franka zake ziko humohumo. Zimeandikwa kwa jina lake.

5. Njia. Wengi wanafikiri universite ni Kinshasa ao Lubumbashi tu. Mwaka wa 1954, Lovanium ilipofunguliwa Leopoldville, ilikuwa hivyo karibu. Leo Maniema yetu ina universite yake Kindu. Kisangani iko na yake tangu 1963. Bukavu kuna Universite Katolika, tangu 1989, na ISTM inayofundisha uuguzi na kazi nyingine za uganga. Kila fasi ina sharti zake. Wengine wanatazama asilimia, wengine wanatoa mtihani wa kuingia. Tafuta mtu anayesoma kule, umuulize mbele ya wakati. Vakansi kubwa iliyopita tulimpeleka binti Kindu kwa mtoto wa jirani anayesoma huko. Aliona chumba wanachokaa watatu. Aliona namna wanavyopika kwa zamu. Alirudi kimya kidogo, lakini hofu yake ilikuwa imepungua, kwa sababu sasa aliogopa kitu alichokiona.

HATUJAFIKA

Usidhani habari hii imekwisha vizuri. Periodi ya kwanza ya mwaka huu, binti alipata 48 kwa 100 katika hesabu. Alilia. Aliniambia kwa simu: "Baba, labda nilidanganya watu." Nilimjibu kwamba 48 ya periodi ya kwanza ni habari, si hukumu, inatuambia wapi kuna shimo. Mwalimu wake alikubali kumkaribisha pamoja na wenzake wanne siku ya posho saa nane. Periodi ya pili alipata 55. Hatuchezi ngoma. Tunaendelea.

Na mkubwa? Niliomba samahani. Ni vigumu kwa baba wa kwetu kumwambia mtoto wake: "Nilikosa." Lakini nilimwambia, tukiwa wawili, njiani kwenda mtoni. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama mtu mwenye diplome ya 2017 anaweza bado kuandikishwa. Nilimwambia ndiyo, diplome ya Leta haiozi. Hakunipa ahadi. Mwezi uliofuata aliniomba nimtumie buku la zamani la hesabu, lile la darasa la tano, na nikampa mtu wa pikipiki alipeleke Salamabila.

Ndugu msomaji, kama una mtoto darasa la pili la humanite, usiseme "angali mdogo, diplome iko mbali." Miaka miwili na nusu inapita kama maji ya Luama wakati wa mvua. Na wewe kijana unayesoma mwenyewe ukurasa huu, kama baba ao mama hajakuuliza, usingoje. Kaa karibu nao jioni, umwambie: "Mzazi, nataka tuzungumze juu ya kesho yangu." Huenda watafanya kama mimi, watakosa jibu siku ya kwanza. Uwangojee kidogo. Na wao wanajifunza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

— Nani katika nyumba yetu anachota maji, na saa ngapi? Anabaki na muda gani wa kusoma?
— Tumewahi kumuuliza mtoto anataka nini, na kungoja jibu lake?
— Karatasi za mtoto ziko wapi leo? Jina ni moja kwenye zote?
— Kama matokeo yangetoka kesho, tungekuwa na nini zaidi ya poda?